Gitaa la Pili

Bi Debe alikuwa akisema waziwazi, mbele ya wateja, kwamba afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ana mlango wake. Unakwenda, unagonga, mnatoleana maneno, majirani wanatoka kuamua, yanakwisha. Sasa hedfoni utaigombeza wapi? Haina hata mama yake ukaenda kumshitakia.

Mumewe watu walimwita Mzee Pumba. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa mashine ya kusaga, na pumba zilishamganda kwenye nyusi, mpaka siku ukimkuta ameoga unamuuliza anaumwa nini. Mashine ilikuwa yao wenyewe, kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba: mota chini, mkanda mrefu, mdomo juu wa kumiminia mahindi, na mfuko wa kitambaa unaovimba unga ukishuka. Mzee anabeba gunia begani kulia, anamimina, anasimama hapo hapo ubavuni mwa mashine mpaka liishe. Mkewe anapokea na kupima kwa debe, ndiyo maana ya jina lake. Na kelele, jamani! Si kelele ya kuambiana tusogee pembeni tuongee. Ni kelele inayokuingia mwilini mpaka meno yanacheza. Ukiwa mle ndani unaongea kwa mikono na nyusi, na kama una habari ndefu unaisubirisha mpaka mota izimwe.

Kwa hiyo mtu akishinda mle kutwa, jioni anataka nini? Anataka kukaa. Bi Debe na mumewe walikuwa na kochi moja tu, refu, limeegemea ukuta. Mzee anakaa huku kwenye dirisha, mkewe anakaa upande wa mlango wa jikoni ili aweze kuchungulia chungu. Redio inafunguliwa kwa sauti kubwa, kubwa hasa, maana Mzee alipenda hivyo, na Bi Debe anamsimulia mambo yake. Nani kaja kusaga, nani kakosana na nani, bati gani linavuja. Mzee anaangalia mbele. Wakati mwingine anasema "Mm." Wakati mwingine hata hiyo "Mm" haipo.

Alishazoea. Mwanamke akikaa na mwanamume miaka nenda miaka rudi, anajua huyu ni wa "Mm" na yule ni wa makelele, anachukua wake hivyo alivyo. Lakini mwaka huo lilimpata jambo ambalo "Mm" haikulitosha.

Dada yake mkubwa alifiwa na mumewe, akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa iliyojaa mwangwi. Akatuma ujumbe: mdogo wangu, njoo tukae wote, siwezi kula peke yangu. Bi Debe akakaa kwenye kochi, akamweleza mumewe vizuri, kwa utaratibu, hata machozi yakamtoka kidogo. Alitaka asikie neno moja tu. Nenda. Au usiende. Au hata, wewe na dada yako mnanichosha. Mzee akaangalia mbele.

"Baba Watoto, nimekuuliza."

Mzee akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Basi akaondoka pale, akaenda kulala. Na kesho yake, hebu fikiria, kesho yake hiyo hiyo ndipo Mzee aliporudi kutoka mjini na boksi.

Hedfoni za kwanza zilikuwa nyeusi, nene, zinafunika sikio zima kama vikombe. Alizinunua kwa muuza vifaa mmoja mwenye masharubu na maneno laini. Mzee alizivaa, akachomeka kwenye simu, akaweka wimbo wa zamani alioupenda toka yuko kijana, ule wa magitaa. Uso wake ukabadilika. Bi Debe mwenyewe alikiri: alimwona mumewe anacheka peke yake, meno yote nje, kama mtoto aliyebebwa begani.

"Mama Watoto! Huyu mwimbaji anapumua!"

"Ulitaka awe amekufa?"

"Namsikia anavuta pumzi kabla ya kuimba! Na kuna mtu nyuma anakohoa! Miaka yote wimbo huu, kumbe kuna mtu anakohoa!"

Siku hizo za mwanzo ilikuwa raha na kero pamoja. Hakuna mtu aliyepita mashineni bila kuvalishwa. Mteja kaja na kapu lake kichwani, anashushwa kapu hapo nje ya kibanda, anavalishwa hedfoni. "Sikia hapo! Hapo hapo! Umemsikia anavyokohoa?" Foleni inasimama, mahindi yanasubiri, vikombe vya hedfoni vimejaa unga mpaka mtu akizivua ana duara jeupe kila sikio. Bi Debe anasaga mwenyewe, anapima mwenyewe, anapokea lawama mwenyewe. Akajisemea moyoni, ni kitu kipya, kitachuja. Mtu akinunua viatu vipya anatembea akiviangalia, mwisho anakanyaga navyo tope kama vya zamani.

Na kweli kilichuja. Ila si kwa namna aliyoitaka.

Aliyekichujisha ni Kinyozi, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hana siri hata ya kuazima. Alikuja kusaga, akavalishwa kama wengine, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa.

"Ala! Mzee wangu, hii ni hatari. Gitaa moja huku kushoto, lingine huku kulia! Kama watu wawili wanabishana, mmoja anauliza, mwenzake anajibu!"

Mzee Pumba akamwangalia. "Mawili wapi?"

"Si haya! Kushoto moja, kulia moja."

"Ni gitaa moja, wewe. Liko kulia. Nimeusikiliza wimbo huu kabla hujazaliwa."

"Mzee, kama hulisikii la kushoto basi umeuziwa kitu kibovu. Rudisha, wakupe nzuri." Halafu akabeba unga wake akaondoka, kashatia moto nyumba ya watu.

Tangu saa hiyo, mwimbaji apumue asipumue, Mzee hakujali tena. Aliyekohoa akohoe mpaka afe. Yeye alikuwa anatafuta gitaa la pili. Anakaa kwenye kochi, ameinamisha kichwa, mkono umeshika kikombe cha kushoto anakikandamiza sikioni kama anayekamua chungwa. Anauliza, "Liko wapi?" Anamvalisha mkewe, uso kwa uso.

"Wewe unalisikia?"

"Nalisikia. Yako mawili, yanapiga. Na chakula kinaungua."

"Hujui kusikiliza wewe. Unasikia kwa kuwa umeambiwa."

Akarudi mjini. Yule mwenye masharubu akazijaribu, akasema mbona nzima, Mzee akamwambia masikio yako yamezoea kuuza. Muuzaji hakubisha, muuzaji gani anabisha na pesa? Akamtolea nyingine, za fedha, zenye ngozi laini. Zile zikamfurahisha siku kadhaa. Sauti ilikuwa safi, alisema, safi kama maji ya mtungi. Halafu asubuhi moja akazivua, akaziweka mezani, akakunja uso. "Bado."

Akaambiwa simu ndiyo haina nguvu, anahitaji amplifaya, kisanduku kidogo chenye taa ya buluu. Kikaja. Furaha ya kile ilidumu mpaka taa ya buluu ikazoeleka, yaani haikufika mbali. Akaambiwa waya ni mwembamba, sauti inabanwa njiani. Ukaja waya mnene kama mkia wa ng'ombe. Furaha ya waya haikulala hata usiku. Kila kimoja kilikuja na boksi lake, na boksi hakuna kutupa, maana boksi ndiyo garantii. Yakapangwa kwenye kile chumba kidogo cha wageni, moja juu ya lingine, mpaka kitanda kikawa hakionekani.

Bi Debe alikuwa akimtazama anavyofungua boksi la mwisho mwisho. Hakuwa tena na yale meno nje. Alifungua kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Anavaa, anasikiliza, anavua, anapumua kwa pua. "Bado." Hata wimbo wenyewe alishaanza kuuchukia. Siku moja alimsikia anausonya! Wimbo aliomwimbia wakati wa uchumba, sasa anausonya kama mbwa aliyeingia jikoni.

Na muda wote huo, yule dada anapiga simu: mdogo wangu, mmeamuaje? Bi Debe anasema subiri, nitaongea na shemeji yako. Anakaa kwenye kochi. Mumewe ana vikombe masikioni. Akimgonga bega anavua, kwa adabu kabisa, anavitundika shingoni, anaangalia mbele. Anamwambia. "Mm." Anavaa tena.

Mtu ana kikomo chake. Bi Debe alifika kwenye chake asubuhi ya Jumapili, mashine imezimwa, mtaa umetulia. Alikuwa ameshapanga nguo zake ndani ya begi. Hakupanga za kwenda kusalimia; anayekwenda kusalimia hachukui sweta na vyungu. Alisimama ule upande wake wa siku zote, karibu na mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa alishachoka kupaza:

"Baba Watoto. Leo naondoka. Nakwenda kukaa kwa dada. Ukitaka kunizuia nizuie sasa."

Mzee, ambaye wakati huo hana hata hedfoni kichwani, alikuwa anafuta waya wake mnene kwa kitambaa. Akaendelea kufuta. Akazivaa hedfoni. Akabonyeza wimbo.

Hapo ndipo damu ilipompanda Bi Debe kichwani. Alimrukia mume wake, mtu mzima na mvi zake, akazipokonya zile hedfoni, akazitikisa hewani. "Nakuaga, unaweka muziki? Nakuaga! Haya, sikiliza muziki wako! Sikiliza!" Akamsukumizia tena kichwani kwa hasira, hovyohovyo, zimegeuka nyuma mbele, waya uliokuwa kushoto sasa uko kulia, akazishindilia mpaka masikio yakakunjika, akageuka kwenda kuchukua begi.

"Mama Watoto!"

Hakugeuka.

"Mama Watoto, njoo! Nimelipata! Gitaa la pili, nimelipata, hili hapa, linajibu! Umefanyaje?"

Alisimama mlangoni kwa sababu ya hasira tu, alitaka atafute tusi la kuagia. Mzee alikuwa amesimama, macho yanang'aa, kidole hewani. Halafu kidole kikashuka.

"Lakini lile la kwanza limeondoka."

"Limekwenda wapi?"

"Sijui. Lilikuwa zima huku kulia. Sasa huku kulia limekuja la pili, na la kwanza halipo. Umeziharibu! Ule upande mzima umekufa, na uliokufa umefufuka!"

Bi Debe akamtazama. Akatazama waya unaoning'inia upande usio wake. Yeye hakusoma, mumewe hakusoma, lakini kupima anajua, na kitu ukikigeuza upande na upungufu ukabaki palepale, basi upungufu hauko kwenye debe.

Akarudi taratibu. Akamvua hedfoni, akaziweka kwenye kochi. Akasimama kushoto kwake, akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Wewe ni beberu mzee usiye na haya."

Mzee akaangalia mbele.

Akazunguka. Akasimama kulia kwake, akasema chini chini, karibu kunong'ona, "Unataka chai?"

"Ndiyo, na sukari ya kutosha. Mbona unanizunguka kama mganga?"

"Mungu wangu," akasema Bi Debe.

Akarudi tena kushoto. Akamziba sikio la kulia kwa kiganja, akamwita jina la nyumbani, lile ambalo watoto hawalijui. Hakuna. Akamwita kwa nguvu. Mzee akatikisa kichwa, "Kuna mtu ananiita nje?"

Sasa ungetegemea alie, au acheke, au amkumbatie maskini ya Mungu. Bi Debe alikasirika. Alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika. Alikaa chini sakafuni akapiga paja. Ile mashine! Imekaa kushoto kwake tangu yuko kijana wa kubeba gunia kwa mkono mmoja, inamlilia sikioni kutwa, imemla sikio polepole kama panya anavyokula gunia, kwa chini, hakuna anayeona. Na yeye, mkewe, kila jioni amekaa upande huo huo, kwa ajili ya chungu! Bati lililokuwa linavuja, alilisemea kwenye sikio lililokufa. Binti yao alipokuwa na mimba ya shida, hofu zake zote alizimwaga mle mle. Na kila aliponyamaziwa alikwenda kulala akijiambia, huyu mtu ananidharau. Miaka yote ile ya kununa! Alikuwa na mlima wa hasira, ameujenga mwenyewe kipande kwa kipande, na sasa umekosa mwenyewe. Umpe nani? Umpe mota?

"Lakini wewe nawe!" akamfokea, amesimama upande wa kulia sasa, na Mzee akashtuka kwa jinsi sauti ilivyoingia. "Mtu hajui kama sikio lake limekufa?"

"Litaniambiaje? Halikusema!"

"Umenunua duka zima!"

"Kinyozi alisema ni mbovu!"

"Kinyozi anajua nywele!"

"Na wewe," Mzee akasema, naye sasa amepandisha, "mbona hukuja huku siku zote hizi? Mimi nilidhani umechoka kuongea na mimi. Nikasema moyoni, mke wangu siku hizi amekuwa kimya, anakaa tu pale anachezesha midomo kama anayesali, basi nimwache. Nikanunua za kusikiliza angalau muziki."

Bi Debe akajinyooshea kidole kifuani.

"Nilikuwa kimya? Mimi?"

"Kimya kabisa. Nilikuwa naitikia 'Mm' ili usijisikie vibaya."

Nje kulikuwa na mtu anapita anaburuta mkokoteni, gurudumu linalia. Walimsikiliza mpaka akatokomea, kila mtu kwa alivyojaliwa.

Kisha Bi Debe akavuta pumzi. "Haya. Nisikilize sasa, kwa hilo lililobaki. Dada yangu amefiwa."

"Hilo najua. Nilikwenda kuzika."

"Yuko peke yake. Anataka nikakae naye. Nimekuambia mara sijui ngapi, hukunijibu, ndiyo maana nimefunga begi. Naondoka leo."

Alimwona mumewe anavyopokea lile neno. Lilimwingia kwa sikio moja, lakini liliingia lote. Uso ukamshuka.

"Sitaki," akasema.

"Nini?"

"Nimesema sitaki! Wewe nawe umeshakuwa kiziwi? Sitaki uende. Nani atapima? Nani... sitaki tu!"

"Dada yangu je? Afe na njaa kwa upweke?"

"Aje yeye hapa."

"Aje hapa wapi?"

"Chumba cha wageni si kipo?"

"Chumba cha wageni!" Bi Debe akashika kiuno. "Dada yangu alale juu ya maboksi? Umekiona kitanda chenyewe mara ya mwisho lini? Toa yale maboksi yote."

"Maboksi hayatoki. Boksi ndiyo garantii."

"Garantii ya nini? Vitu vyote vizima! Mbovu ni wewe!"

"Hata kama! Muuzaji alisema usitupe!"

"Muuzaji atakuja kulala na shemeji yako?"

"Basi atengewe huyo dada kona moja, maboksi yabaki kona nyingine..."

"Kona! Umemsikia! Mtu mzima mjane, anawekwa kona kama ufagio!"

Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kwa kero, na kila alichosema kilijibiwa palepale, kwa sauti, kwa ujinga, kwa ubishi usio na kichwa wala miguu. Simu ikaita mezani, ni dada. Bi Debe akaichukua, akaipokea akiwa bado amemkodolea macho mumewe.

"Dada, nitakupigia baadaye," akasema. "Hapana, leo siji. Nagombana na mume wangu, na bado kidogo nimshinde."